Chajio na Sinema: Habari za Usiku wa Miji Yetu

Walimu wenzetu wengi wanapowataka wanafunzi waandike insha juu ya jioni moja waliyoipitisha pamoja na marafiki, hupokea karatasi zinazofanana kama mapacha. Marafiki wanakutana, wanakwenda mkahawani kula, kisha wanaingia sinema, kisha wanarejea makwao wakiwa wamefurahi. Na si mara moja tumemsikia mwalimu, katika vikao vyetu vya kusahihisha mitihani, akilalamika kwamba mambo hayo si ya kwetu, kwamba mtoto ameyaokota katika vitabu vya Kizungu, na kwamba ingalikuwa bora lau angaliandika juu ya ngoma, mavuno au hadithi za bibi mekoni. Malalamiko hayo yana nia njema. Walakini sisi tunaona kwamba hayana msingi katika historia, na katika kurasa hizi tungependa kueleza kwa nini.

Tuanze na neno lenyewe. Chajio ni neno la vitabuni. Limeundwa kwa kuyafupisha maneno chakula cha jioni, na hata leo ni watu wachache walitamkao nje ya darasa. Mtu wa Unguja hasemi kwamba anakwenda kula chajio. Husema anakwenda Forodhani, na msikilizaji hujua mara moja kwamba pana kupunga upepo wa bahari, pana kula, na pana kukutana na watu. Sinema, kwa upande wake, ni neno la kigeni lililopokewa zamani hata likasahau kwao. Ajabu ni kwamba neno tulilolibuni wenyewe limebaki geni, na neno la kuazima limekuwa mwenyeji.

Huko Unguja ndiko inakofaa kuanzia, maana ndiko habari hizi zilikohifadhiwa vizuri zaidi. Mwanahistoria Laura Fair wa Marekani alitumia miaka mingi akiwahoji watazamaji, wenye majumba na waendesha mitambo wa Unguja na Tanzania bara, na kitabu chake kikubwa juu ya sinema kilichapishwa 2018. Kabla ya majumba kujengwa, picha zilionyeshwa na wafanyabiashara waliohama na mitambo yao na kupiga mahema penye uwanja. Mwaka 1921 ndipo mfanyabiashara Hassanali Adamji Jariwalla alipofungua jumba la fahari lililoitwa Royal, ukingoni mwa Mji Mkongwe. Ramani yake ilichorwa na J. H. Sinclair, afisa wa Kiingereza ambaye pia ndiye aliyesanifu Beit el Amani, yaani jumba la makumbusho lililofunguliwa 1925. Atazamaye majengo hayo mawili ataona yametoka katika mkono mmoja. Baadaye Royal lilipewa jina la Majestic. Liliungua moto mwanzoni mwa miaka ya 1950, likajengwa upya kwa mtindo mwingine kabisa na kufunguliwa tena 1955. Majumba mengine mawili yaliyopata sifa mjini ni Empire, lililokuwa Darajani, na Sultana, ambalo baada ya Mapinduzi ya 1964 lilijulikana kwa jina la Ciné Afrique. Pemba nako, Wete na Chake Chake, watu walikuwa na sinema zao.

Hapa yafaa tuweke wazi jambo ambalo mara nyingi halisemwi. Waliojenga majumba haya walikuwa aghalabu wafanyabiashara wa asili ya Kihindi, waliokuwa wakaazi wa miji hii na waliozikwa katika miji hii. Hawakuwa serikali ya kikoloni. Serikali ilikuwa na sinema yake ya namna nyingine, ya kufundisha. Kati ya 1935 na 1937 palikuwa na jaribio lililosimamiwa na akina Notcutt na Latham, kambi yao ikiwa Vugiri katika milima ya Usambara, la kutengeneza picha za kuwafunza Waafrika kilimo, afya na uwekaji wa akiba. Picha hizo zilitengenezwa bila ya sauti, na sauti ikawekwa katika sahani za santuri kwa Kiswahili na lugha nyingine, kisha zikatembezwa kwa gari Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Watu walikusanyika kwa wingi kuzitazama, kwa kuwa ni za bure. Lakini hakuna aliyevaa nguo yake ya sikukuu kwa ajili ya kwenda kufundishwa namna ya kuchimba choo.

Kwenda sinema mjini kulikuwa jambo jingine. Mtu alilipa fedha yake mwenyewe, na alichagua picha aitakayo. Siku kubwa ilikuwa Jumapili. Mchana kutwa watu walipiga pasi, wakajipara na kujitia manukato; wanawake walitoka na mabuibui yao na chini yake nguo mpya, watoto wakaogeshwa mapema. Nje ya jumba palikuwa na wauza njugu katika vikaratasi vilivyosokotwa kama pia, na bisi, na maembe mabichi ya kutiwa chumvi na pilipili. Picha mpya ilipoingia, tikiti zilikwisha kabla ya jua kutua, nao walanguzi wakaziuza pembeni kwa bei ya juu. Wanaodhani kwamba ulanguzi ni neno lililozaliwa katika shida za sukari na sabuni za miaka ya 1980 wawaulize wazee waliokuwa vijana wakati wa picha za Raj Kapoor.

Ndani ya ukumbi watu hawakukaa ovyo. Viti vya mbele, karibu na pazia, ndivyo vilivyokuwa rahisi, na huko ndiko walikokaa wachukuzi, wavuvi na watoto wa mtaani. Viti vya nyuma vilikuwa ghali kuliko hivyo, na vya ghorofani vilikuwa vya wenye nafasi na familia zao. Kwa hivyo tofauti za kimaisha zilionekana. Hata hivyo wote waliingia chini ya paa moja na kucheka kwa pamoja, wa Ng'ambo na wa Mji Mkongwe, ilhali katika makoloni mengine, hasa ya kusini, Mwafrika alizuiwa mlangoni kwa sababu ya rangi yake. Tusiipambe hali hiyo kupita kiasi, maana bei nayo ni mlinzi wa mlango. Lakini haikuwa hali moja.

Wanawake walikuwa na nafasi yao. Kwa kuwa wazee wengi hawakuridhia binti na wake zao wakae gizani pamoja na wanaume wasio maharimu, wenye majumba waliweka maonyesho ya wanawake peke yao wakati wa alasiri. Mwenye kusoma masimulizi ya maonyesho hayo anaweza kusikia kelele zake: watoto wachanga wanalia, mashoga wanaitana kutoka safu moja hadi nyingine, na mwovu wa picha anapojitokeza anatukanwa na ukumbi mzima. Wapo viongozi wa dini na wazazi waliolaani sinema kuwa ni kiwanda cha uhuni. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi, kwa maana ni kweli kwamba vijana wengi walifahamiana na wachumba wao katika foleni ya tikiti. Lakini wanawake waliendelea kwenda, na wengi wao walikwenda na mama zao.

Na je, walichokitazama kilikuwa nini? Picha za Kimarekani zilikuwapo, na picha za Kimisri zilipendwa Unguja tangu miaka ya 1930, wakati sauti za Umm Kulthum na Mohamed Abdel Wahab zilipovuka bahari. Lakini mfalme wa pazia alikuwa ni picha la Kihindi. Awara, iliyotoka 1951, ilirejeshwa ukumbini mwaka baada ya mwaka, na watu waliijua kwa moyo. Ndani yake yumo hakimu aaminiye kwamba mtoto wa mtu mwema huwa mwema na mtoto wa mwizi huwa mwizi. Humfukuza mkewe mja mzito kwa shaka, na mtoto anayezaliwa hulelewa na jambazi. Mother India, ya 1957, ina mama anayemwua mwanawe wa kumzaa ili kuilinda heshima ya kijiji. Twawauliza walimu wenzetu wafundishao fasihi: je, kuna maswali makubwa kuliko hayo katika riwaya tunazozisomesha? Baada ya picha kwisha, watu walijadiliana njiani. Yupo aliyemtetea yule mama, na yupo aliyesema kwamba damu haikatwi kwa kisu. Mjadala uliendelea kesho yake barazani, penye bao na kahawa.

Lugha ya picha hizo haikuwa Kiswahili, wala haikuandikwa tafsiri chini ya pazia ambayo wengi wangeweza kuisoma. Wengine walikifahamu Kihindi kwa kuishi na majirani zao. Aliyeelewa alimweleza aliye kando yake, naye akamweleza wa pili yake, hata ukumbi ukawa na wakalimani wa bure kila safu. Nyimbo ziliingia masikioni na hazikutoka. Watunzi wa taarabu, ambao tangu zamani walikuwa wamezoea kuchota kutoka Misri, wakachota na kutoka Bombay pia. Mombasa, Juma Bhalo alijipatia jina kubwa kwa kuimba mashairi ya Kiswahili safi katika mahadhi ya Kihindi. Wako wataalamu wanaoudharau mtindo huo na kuuita wizi wa sauti. Sisi twaona kwamba anayeweza kuipachika mizani ya shairi la Kiswahili juu ya sauti iliyotungwa kwa lugha nyingine, na vina visivunjike, ana ufundi ambao wengi wetu tunaofundisha arudhi hatunao.

Tumefika kwenye chakula, na hapa tunaomba radhi kwa wasomaji wenye njaa. Bustani ya Forodhani, iliyo mbele ya Beit el Ajaib na Ngome Kongwe, ilitengenezwa katikati ya miaka ya 1930 kwa kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sultani Khalifa, lakini wenyeji waliifanya kuwa yao. Jua likizama, wapishi huwasha mkaa na kuweka meza zao: mishkaki ya ng'ombe iliyolowekwa kwa tangawizi na papai bichi, pweza, ngisi, muhogo wa kuchoma, ndizi, sambusa, kachori, mkate wa ajemi, maji ya miwa yaliyokamuliwa papo hapo kwa ndimu na tangawizi. Kando kidogo hupatikana urojo, ile supu ya ukwaju au embe bichi yenye bajia, viazi, na chatne ya nazi juu yake. Mtu hakuhitaji fedha nyingi. Marafiki wanne waliweza kuchanga, wakanunua sahani mbili, wakala wamesimama au wamekaa juu ya ukuta wa bahari huku wakiigiza mapigano waliyoyaona. Kahawa chungu na kashata zilifunga kazi. Tangu 2009, baada ya bustani kutengenezwa upya, mpango wa meza umebadilika na watalii wamekuwa wengi, na bei nazo zimewafuata watalii. Beit el Ajaib yenyewe iliporomoka sehemu yake Desemba 2020.

Jambo la kuangaliwa ni kwamba katika mpangilio huu wa usiku hapakuwa na hoteli kubwa wala mhudumu mwenye tai. Yule mwanafunzi tuliyemtaja mwanzo, anapoandika kwamba yeye na rafiki zake walikula mkahawani, hakosei kwa kuwa wametoka kwenda kula. Anakosea, kama anakosea, kwa kuwa chakula alichokiandika hakina harufu. Tumwulize walikula nini, nani aliyelipa, na moshi ulielekea upande gani.

Dar es Salaam ilikuwa na mkusanyiko wake wa majumba: Empire, Avalon, Odeon, Azania, Empress, New Chox, Cameo, na Amana kule Ilala. Waliokulia Kariakoo na Ilala wanazihesabu kama mtu anayehesabu shule alizosoma. Rashidi Kawawa, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu, alicheza katika Muhogo Mchungu, picha ya Kiswahili ya mwanzoni mwa miaka ya 1950. Ni viongozi wachache duniani ambao raia wao waliwaona kwanza kwenye pazia. Mwaka 1966 ilifunguliwa sinema ya wazi ya kuingia na magari, upande wa Msasani, nayo ikajulikana kwa jina la Drive-In. Mtu angedhani kwamba ni anasa ya wenye magari tu. Watu wa Dar es Salaam waliigeuza. Gari moja lilibeba ukoo mzima, mikeka ikatandikwa chini, masufuria ya pilau yakafunuliwa, na watoto wakalala kabla ya picha kufika nusu. Yaani chajio na sinema vilifanyika pamoja, mahali pamoja, na mama mwenye nyumba hakukosa chochote. Mahali hapo sasa pana ubalozi wa Marekani.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967 palikuwa na watu walioona haya yote ni mabaki ya ubepari, na wengine waliojibu kwamba mfanyakazi naye ana haki ya kustarehe. Serikali iliunda Shirika la Filamu Tanzania 1968, likapewa kazi ya kuingiza na kusambaza picha. Majengo mengi yalitaifishwa 1971. Shirika lilikuwa na nia nzuri na fedha chache za kigeni. Ilipofika bei ya mafuta kupanda 1973, kisha vita vya Kagera vya 1978 na 1979, nchi haikuwa na dola za kununulia dawa, seuze picha. Marufuku ya kuendesha magari ya binafsi Jumapili alasiri, iliyowekwa ili kubana mafuta, iliigusa siku ile ile iliyokuwa siku ya sinema. Picha zilizokuwapo zilizungushwa hata zikakatika. Watazamaji wakapiga mbinja gizani mpaka mwendesha mtambo alipoziunga.

Nasi huku Uganda tulikuwa na yetu. Kampala ilikuwa na majumba yaliyoendeshwa kwa sehemu kubwa na Waasia, na amri ya Idi Amin ya Agosti 1972, iliyowapa siku 90 za kuondoka, iliondoa pamoja nao wajuzi wa biashara hiyo. Ukumbi wa Norman uligeuka kanisa katika miaka ya 1980, na umebaki kanisa hadi leo. Mapito ya chakula hayakukatika hata hivyo. Kila mji wetu una mahali pa muchomo, neno ambalo Waganda wamelichukua kutoka katika kitenzi chetu cha kuchoma, na nyama yake yanukia umbali wa mitaa miwili. Wenzetu wanaosema kwamba Kiswahili hakina mizizi Uganda wafuate moshi huo.

Kilichoyaua majumba si jambo moja. Unguja ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilhali bara ilisubiri hadi 1994. Mikanda ya video ilienea katika miaka ya 1980, na mwenye televisheni na mtambo wa video akaweza kuwakusanya majirani sebuleni au katika kibanda cha mabati kwa kiingilio kidogo. Kisha zikaja sahani za dijitali, kisha simu. Majumba mengine yakawa maghala, mengine maduka. Kumbi chache mpya zimefunguliwa ndani ya majengo makubwa ya biashara mijini. Ni safi, zina ubaridi, na mwalimu akiwapeleka watoto wanne hurudi akiwa amejifunza hesabu.

Vibanda vya video, walakini, vimetupa kitu ambacho majumba makubwa hayakuwa nacho, nacho chatuhusu sisi kuliko wote. Yule mkalimani wa bure wa safu ya pili alipata kiti na kipaza sauti. Dar es Salaam alikuwapo Lufufu, ambaye alizisimulia picha za kigeni kwa Kiswahili, akichanganya tafsiri, maelezo na mzaha, na mikanda yake ikauzwa nchi nzima. Kenya yuko DJ Afro. Huku kwetu wasimulizi hutumia Kiganda zaidi, na kazi yao ni ile ile. Wasimulizi hawa hawafuati maneno ya wachezaji. Humpa mwovu jina la mtaani, humpa shujaa methali, hueleza desturi ya Wachina kwa mfano wa harusi ya Kinondoni. Kwao ndiko lilikotamba neno stelingi, yaani mchezaji mkuu ambaye kila mtoto anajua kwamba hafi, na neno adui kwa maana ya kila anayepigana naye. Maneno hayo sasa yamo katika insha za wanafunzi wetu, na tumewaona walimu wakiyakata.

Mnamo miaka ya 2000 zikaja filamu za Kiswahili zenyewe, zikivuka mipaka kwa sahani za bei nafuu hadi Bujumbura, Kigali, Bukavu na Kampala. Steven Kanumba alipofariki Aprili 2012, watu wa nchi hizo walimlilia kama jirani. Kwa wanafunzi wengi wa nchi jirani, Kiswahili cha kwanza walichokisikia kikisemwa kwa ghadhabu, kwa mapenzi na kwa uongo kilitoka katika filamu hizo, miaka kadhaa kabla hawajakutana nasi na ngeli zetu.

Unguja, tamasha la filamu la nchi za jahazi limefanyika tangu 1998, na pazia lake kubwa hutundikwa ndani ya Ngome Kongwe, hatua chache kutoka Forodhani. Katika miaka ya karibuni pamekuwa na juhudi za kulikarabati jumba la Majestic, ambalo paa lake lilikuwa limeanguka na watu wakawa wanaonyeshwa picha chini ya nyota, juu ya viti vya kuazima. Na usiku wa tamasha, onyesho la mwisho likiisha, watu hutoka kwenye lango la ngome, huvuka njia, na kuanza kuuliza mishkaki ni bei gani.